Tope la Mikoko Lina Wenyewe

Wanaotaka kufyeka mikoko ili wapate viwanja au mashamba ya chumvi huitanguliza hoja hii: maji yakipwa, pale ni tope tupu, hapaishi kitu.

Samaki mmoja anatosha kuiangusha. Gobi wa topeni, yule mwenye macho yaliyotokeza juu ya kichwa, hutoka hasa maji yanapokupwa. Kuanzia Lamu hadi delta ya Rufiji utamwona akirukaruka kati ya mizizi ya mikoko na michu, akiwinda wadudu na kaa wadogo, madume wakitunishiana mapezi ya mgongoni kugombea eneo.

Hapo hujibiwa kwamba amekwama tu, anasubiri maji yarudi. Hapana. Maadamu ana unyevu, hupumua kwa ngozi na kwa utando wa mdomoni na kooni, na mapezi yake ya kifuani yana misuli ya kutembelea. Kazi yake kubwa zaidi iko chini ya tope, ambako maji ya shimoni karibu hayana oksijeni. Periophthalmus modestus, ndugu yake aliyechunguzwa sana huko Japani, hutaga mayai kwenye dari ya chumba cha shimoni. Dume hukijaza chumba hicho hewa: hupanda juu, huibugia, hushuka nayo, hurudia. Mayai yakikomaa, usiku maji yanapojaa, huitoa hewa ile ile kwa mdomo ili maji yaingie na mayai yaanguliwe. Nani aliyekwama atafanya hivyo?

Wengine humwita gobi mdandiaji, kwa kuwa kwenye mchanga kando ya matumbawe wako gobi wa aina nyingine wanaokaa katika mashimo yaliyochimbwa na kamba. Kamba anafukua kutwa, gobi amesimama mlangoni. Lakini kamba huyo haoni vizuri. Anapotoka nje huuweka upapasio wake juu ya mwili wa gobi, na mkia wa samaki ukitikisika tu, anarudi ndani. Huyo ni mlinzi, na analipwa kwa makazi.

Kwamba gobi wote ni wa baharini si kweli pia. Huko Hawaii, gobi aina ya Lentipes concolor hukwea maporomoko ya zaidi ya mita 100 akijishika mwambani kwa mapezi ya tumboni yaliyoungana.

Hoja inayoniudhi kuliko zote ni kwamba visamaki hivi havimlishi mtu. Utafiti uliotoka mwaka 2019 katika jarida la Science ulionyesha kuwa samaki wadogo wa sakafuni, gobi wakiwamo, huchangia karibu asilimia 60 ya nyama ya samaki inayoliwa na viumbe wengine kwenye miamba ya matumbawe. Gobi mmoja wa Australia, Eviota sigillata, haishi zaidi ya siku 59. Huliwa upesi na huzaliana upesi. Chewa anayepigiwa mnada ufukweni amekua kwa kula visamaki vya namna hii.

Basi watahama, tunaambiwa. Waende wapi? Gobi wa jamii ya Gobiodon hukaa ndani ya matawi ya matumbawe. Yakifa, wanakosa maficho. Wa topeni anahitaji tope laini la kuchimbika, linalofunikwa na maji na kuachwa wazi. Vitoto vyake huchukuliwa na maji mara vinapoanguliwa, na vikikua vinatafuta tope la kutua. Palipojengwa ukuta wa saruji hapachimbiki.