Mpagazi naye aulizwe

Jioni kambini, Kilimanjaro, mgeni anabanwa kidole na kifaa cha kupima oksijeni. Anaulizwa kama kichwa kinauma, kama amekula. Vizuri sana. Hema la pili mpagazi amejikunyata, ugali wake umepoa bila kuguswa, na hakuna aliyemuuliza neno.

Sisi wa Goweko, mkoani Tabora, tuna haki ya kulisemea hili. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, babu zetu ndio waliobeba pembe za ndovu mpaka pwani, na sifa ya ugumu wao ipo hadi leo. Lakini ugumu haumkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko. Sisi tunaishi kwenye mita 1,200 hivi. Kambi ya Kibo, wanakolala wapandaji wa njia ya Marangu kabla ya kileleni, ni mita 4,700. Kijana wa hapa akipata kibarua kule, damu yake inahitaji siku za kuzoea sawasawa na ya Mzungu.

Maswali ya kuutambua ugonjwa huo ni manne: kichwa, tumbo, uchovu, kizunguzungu. Kila moja lina alama 0 hadi 3. Kichwa kikiuma na jumla ikafika 3, huyo anaumwa. Asipande zaidi mpaka apate nafuu. Kisha atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa pili. Akipepesuka, ubongo umeanza kuvimba. Akihema hali ameketi, mapafu yanajaa maji. Hapo ashushwe usiku huohuo. Kusubiri kupambazuke ni kumuua.

Tunaambiwa wapagazi wenyewe hawasemi. Wataanzaje kusema? Mtu mwenye ada ya shule ya kulipa, anayehofia kukatwa ujira wa siku zilizobaki na safari ijayo kuachwa, atameza dawa ya maumivu na kujitwisha mzigo.

Basi alipwe siku zote, hata akishushwa siku ya pili. Na aulizwe kila jioni, mmoja mmoja, pembeni, si mbele ya wenzake wakamcheka. Mzigo wake tayari unapimwa kwenye mizani getini usizidi kilo 20. Tumeweza kuupima mzigo. Anayeubeba tunashindwa nini? Kampuni ziandike malipo hayo kwenye mkataba kabla ya kupanda, na kiongozi wa msafara asile chakula cha jioni kabla hajamaliza kuwauliza wote.