UCHANGANUZI: Urembo wa taa za magari wafichua pengo katika ukaguzi

MTINDO wa kufungua taa za mbele za magari na kuzipaka rangi upya umewapa vijana wengi wa mijini fahari na mafundi wa jua kali riziki. Hata hivyo, kazi hiyo inayofanyiwa nyumbani au kando ya barabara imefichua pengo kubwa katika ukaguzi wa usalama wa magari nchini.

Kwa wanaoupenda mtindo huo, huo ni urembo tu. Fremu ya ndani ya taa, ambayo hutoka kiwandani iking'aa kama fedha, hupakwa rangi nyeusi au rangi inayooana na bodi. Gari kuukuu lililoagizwa kutoka Japani hupata sura ya gari la mashindano.

Lakini taa ni kiungo cha usalama sawa na breki. Taa ikishafunguliwa na kufungwa tena, ni nani anayethibitisha kwamba bado inamulika barabara na haimpofushi dereva anayekuja upande wa pili?

Swali hilo si dogo katika nchi iliyopoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani mnamo 2023, na idadi kama hiyo tena mnamo 2024. Kundi kubwa zaidi la waliofariki lilikuwa la watembea kwa miguu. Usiku, katika barabara kuu ambazo sehemu zake nyingi hazina taa za barabarani, uhai wa mtu wa aina hiyo hutegemea kuonekana mapema na dereva.

Ili kuelewa hatari iliyopo, ni muhimu kuelewa jinsi kazi yenyewe inavyofanywa.

Kioo cha taa za magari ya kisasa kwa hakika ni plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, na hushikizwa kwenye kasha lake kwa gundi inayolainika kwa joto. Anayeifungua nyumbani huitia taa nzima ndani ya oveni kwa takriban nyuzijoto 100 sentigredi, kwa muda wa dakika kumi hivi, kisha huibandua polepole. Wasio na oveni hutumia kipulizaji cha hewa moto.

Hapo ndipo makosa huanza. Polikaboneti huanza kulegea joto linapokaribia nyuzi 147, na oveni ya jikoni isiyo na kipimo cha kuaminika huweza kufika hapo kwa urahisi. Kioo kikipinda hata kidogo, mwanga nao hupinda. Isitoshe, kampuni nyingine za magari sasa hutumia gundi isiyolainika kwa joto, na anayeilazimisha huishia kuvunja kasha.

Aidha, sehemu inayoakisi mwanga ndani ya taa hupakwa utando mwembamba mno wa alumini. Kuufuta kwa kitambaa kikavu tu kwaweza kuukwaruza na kuuharibu kabisa. Rangi nayo isipokauka vyema, hutoa mvuke balbu inapopata moto, na mvuke huo huganda kwenye kioo kama ukungu. Gundi mpya ikiacha upenyo, maji ya mvua huingia na kufifisha mwanga zaidi.

Kuna wamiliki wanaofungua taa kwa kudhani wanaondoa umanjano uliotokana na jua kali. Hao hujitakia hasara bure, kwa kuwa umanjano huo huwa upande wa nje. Huondolewa kwa msasa laini uliolowa maji na dawa ya kung'arisha, kisha kioo hupakwa kinga ya jua, bila taa kufunguliwa.

Hatari kubwa zaidi ni mwelekeo wa mwanga. Taa ikiinuka kwa digrii moja pekee, mwanga wake hupanda kwa takriban sentimita 87 katika umbali wa mita 50. Kiasi hicho chatosha kuutoa kwenye lami na kuufikisha machoni pa dereva mwingine. Dereva anayekwenda kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa akipofushwa kwa sekunde mbili, gari lake huwa limesafiri mita 44 bila yeye kuona chochote.

Hali huwa mbaya zaidi mwenye gari anapotumia fursa hiyo kuweka balbu za zenoni katika kasha lililoundiwa balbu za kawaida za halojeni. Zenoni hutoa mwanga mkali zaidi kuliko ule wa halojeni ya kawaida taa zikiwa zimeshushwa. Ni kwa sababu hiyo ambapo kanuni za kimataifa zinazofuatwa barani Ulaya hudai magari yenye taa kali namna hiyo yawe na mtambo wa kurekebisha mwelekeo wake.

Je, sheria ya Kenya imelala? La hasha. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inahitaji gari liwe katika hali salama barabarani. Mwenye gari akibadilisha rangi ya bodi, hutakiwa kuiarifu mamlaka ili rekodi za usajili zirekebishwe. Tatizo liko katika utekelezaji.

Kwa miaka mingi, ukaguzi wa kila mwaka umelenga magari ya abiria na yale ya mizigo. Gari la kibinafsi limekuwa likikaguliwa hasa kabla ya kuingizwa nchini, wakati ambapo taa zake bado ni zile za kiwandani. Linaloipata baadaye mikononi mwa fundi mara nyingi limekuwa halimfikii mkaguzi.

Afisa wa trafiki anayelisimamisha gari hilo mchana huona rangi tu. Hana kifaa cha kupima mwanga. Kwa hivyo, aliyefanya kazi safi na aliyeharibu hutazamwa kwa jicho moja, na hali kama hiyo huzaa mianya ya hongo.

Kanuni za Michuki zilizoanza kutekelezwa mnamo Februari 2004 zilionyesha kwamba sheria hufaulu inapotaja jambo linaloweza kuthibitishwa, kama vile mikanda ya usalama, vidhibiti-mwendo na mstari wa manjano ubavuni mwa matatu. Mwelekeo wa taa pia waweza kuthibitishwa. Gari likiegeshwa mita kumi kutoka ukutani, mwanga wa taa zilizoshushwa wapasa kukomea takriban sentimita kumi chini ya kimo cha taa yenyewe.

Kupiga marufuku mtindo huu kutawasukuma mafundi mafichoni. Njia yenye manufaa ni kuingiza kazi ya taa katika mitihani ya ufundi inayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA), na kumtaka kila aliyefunguliwa taa apimiwe mwanga kabla ya kurejea barabarani.

Kinga ni bora kuliko tiba. Anayetembea kando ya barabara gizani hana habari kama taa inayomjia imepakwa rangi gani. Haja yake ni dereva amwone kwa wakati.