Maskini Haokoti: Kauli Kuhusu Mapipa ya Maduka Makuu

Maskini haokoti, akiokota huambiwa ameiba. Methali hii tumefundishwa, na baadhi yetu tumeifundisha, kama kielelezo cha dhuluma anayotendewa mnyonge. Tumeihifadhi madaftarini pamoja na nyinginezo zenye maudhui ya utabaka, kisha tukaisahau hadi siku ya mtihani. Nia yangu ni kuitoa daftarini na kuipeleka nyuma ya duka kuu, pale mapipa ya taka yanapowekwa, tuone ina lipi la kusema. Nashikilia kwamba chakula kinachotupwa kikiwa bado kizuri si taka, na kwamba lugha yetu, kwa jinsi tunavyoitumia leo, inamwadhibu anayekiokota na kumsitiri anayekitupa.

Tuanze na msamiati, maana huo ndio uwanja wetu. Kiswahili ni lugha ya watu waliojua kusaza. Wali uliolala ukaliwa asubuhi kwa chai ni kiporo; wengine huuita mwiku, wengine bariyo. Ulioshikamana na chungu ni ukoko, na watoto huugombania. Kilichobaki baada ya watu kushiba ni masazo. Kilichobaki sahanini baada ya kuguswaguswa ni makombo. Kila neno lina daraja yake ya heshima, na hapana hata moja kati ya hayo lenye maana ya taka. Kwa mujibu wa msamiati huu, chakula hubadili jina mara kadhaa kabla ya kufika jaani. Katika duka kuu safari hiyo imefupishwa mno. Mkate ni bidhaa saa mbili usiku, na ifikapo saa tatu ni taka. Hapana jina la katikati.

Neno masazo lina historia nyingine inayofaa kukumbukwa. Watafsiri wa Biblia walipomfikia Ruthu, mjane mgeni aliyewafuata wavunaji katika konde la Boazi, walimpa kitenzi okota na nomino masazo. Sheria ya Musa ilimkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembeni kabisa. Pembe hizo, pamoja na masuke yaliyoanguka, yalikuwa fungu la maskini na mgeni. Kitenzi ni kile kile cha methali yetu, ila hapa mwokotaji analindwa na sheria na wala haitwi mwizi. (Wapenzi wa fonolojia watatambua kwamba okota na okoa vinatenganishwa na konsonanti moja tu.)

Sasa litazame neno chokoraa. Kuchokora ni kutia kitu chenye ncha tunduni hadi kilichomo kitoke. Mtu huchokora meno, huchokora sikio. Wengi wetu tulisikiapo jina hili, humwona mtoto mwenye gunia begani anayelipekua pipa kwa kijiti. Kitendo kimoja cha siku yake kimegeuzwa kuwa utu wake wote. Sensa ya kitaifa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini, na hapana shaka kwamba takriban wote wamewahi kuitwa kwa jina hilo. Je, aliyelijaza pipa anaitwaje? Sarufi inaturuhusu kuunda mtupaji, lakini sijawahi kumsikia mtu yeyote akiitwa hivyo kwa dharau barabarani. Dharau yote imemwendea anayeinama.

Fasihi iliuona mzigo huu mapema. Katika Kill Me Quick, riwaya ya Meja Mwangi iliyotoka mwaka 1973, vijana wawili waliosoma wanafika Nairobi kutafuta kazi, na wanaishia vichochoroni wakila kutoka mapipani. Wasomi wa leo wanaohitimu na kurandaranda na vyeti mkononi wasidhani kwamba masimulizi hayo ni ya kale.

Chumba ninachokodi kinatazamana na uchochoro wa nyuma wa duka kuu moja ambalo sitalitaja. Mara kadhaa kwa juma, duka likishafungwa, wafanyakazi hutoa mikate ambayo tarehe yake inaishia siku hiyo, pakiti za maziwa zilizobonyea, nyanya zilizolainika upande mmoja, na wakati mwingine vitu visivyooza kamwe: ndoo iliyopasuka mfuniko, madaftari yaliyolowa majalada, sabuni zilizovunjika. Kabla ya pipa kufunikwa, bawabu huzichana pakiti kwa kisu na kuvimwagia vyakula dawa ya kusafishia choo. Siku moja nilimuuliza sababu. Akanijibu kwamba ni amri, kwani watu wakiachiwa, watazoea kungoja nje badala ya kununua ndani. Kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba mikate ile angependa kuwapelekea wanawe, lakini akipatikana nayo langoni atafutwa kazi kwa wizi. Hiyo ndiyo methali yetu ikiwa imegeuzwa kuwa kanuni ya kazi. Mkate haufai kuuzwa, haufai kupewa mtu, lakini unafaa kuibwa!

Wala kadhia hii si ya Kenya pekee. Mwezi Juni 2018, wanafunzi wawili wa chuo kikuu walichukua chakula katika pipa la duka kuu mjini Olching, jimboni Bavaria, Ujerumani. Pipa lilikuwa limefungwa, na chakula kilikuwa kikisubiri gari la taka. Mwezi Januari 2019, mahakama iliwapata na hatia ya wizi kwa hoja kwamba kitu kilichotupwa bado kina mwenyewe hadi mzoataka atakapokichukua. Walipewa onyo, faini ya yuro 225 kila mmoja iliyoahirishwa, na saa nane za kutumikia shirika linalogawa chakula kwa maskini. Walikata rufaa hadi Mahakama ya Katiba, nayo ikawakatalia mwaka 2020. Ajabu ni adhabu yenyewe: aliyeokota chakula kisipotee anaamrishwa akagawe chakula kisipotee.

Hata hivyo, tusisahau tofauti. Wanafunzi wale walifanya hivyo kwa itikadi, wakajulikana kama wanaharakati. Wetu hufanya kwa njaa. Sipendi kuona mtindo huu ukisifiwa katika mijadala ya vyuoni kama uasi wa kisasa dhidi ya ubepari, ilhali mtoto wa Dandora ameufanya tangu azaliwe na hakuna aliyemwita mwasi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata wanapolipekua pipa moja.

Nao wakubwa wakiokota? Mwezi Mei 2023 taifa liliarifiwa kwamba magunia 20,000 ya sukari iliyoingizwa nchini mwaka 2018, ikatangazwa kuwa haifai kuliwa na binadamu na kupangiwa kugeuzwa spiriti ya viwandani, yalikuwa yametolewa ghalani Thika kinyume cha utaratibu. Maafisa 27 wa umma walisimamishwa kazi. Hiyo nayo ilikuwa bidhaa iliyokataliwa ikarudishwa mjini, tena kwa malori, lakini sikumsikia mtu hata mmoja akiwaita wahusika machokoraa. Waliitwa washukiwa, jina ambalo mtu hulivalia suti.

Kisa cha sukari kinaibua pingamizi lililo zito zaidi, nalo ni la afya. Chakula kilichotangazwa kuwa hatari hakipaswi kumfikia mtu yeyote, awe tajiri au fukara, na anayenidhania nautetea uozo hajanielewa. Lakini tarehe zilizopigwa kwenye vifurushi si za aina moja. Ipo inayoonya kwamba baada yake chakula chaweza kudhuru, kama ilivyo kwa nyama na samaki. Na ipo inayosema tu kwamba baada yake ladha au ulaini utapungua, kama ilivyo kwa biskuti na tambi. Kuzichanganya hizi mbili ni kukitupa chakula kizima kwa kisingizio cha usalama. Tena, anayejali afya kwa dhati hakimwagii chakula sumu mahali anapojua fika kwamba wenye njaa watapita.

Ufaransa imeshalitungia jambo hili sheria. Huko kuokota masazo mashambani ni desturi ya karne nyingi, na filamu ya Agnès Varda ya mwaka 2000, Les Glaneurs et la glaneuse, iliwafuata waokotaji kutoka mashamba ya viazi hadi masoko na mapipa ya mijini. Mwezi Februari 2016 ilipitishwa sheria inayoyakataza maduka makuu kukiharibu kwa makusudi chakula kinachofaa kuliwa, na kuyataka yenye ukubwa unaozidi mita 400 za mraba yawe na mkataba na mashirika ya misaada. Sharti hilo ndilo ninalolitaka hapa. Sidai haki ya kuingia pipani. Nadai mkate utoke kwa mlango wa mbele kabla haujawa taka.

Huenda msomaji akaniuliza kwa nini nawaandama wenye maduka ilhali shirika la UNEP, ambalo makao yake yako papa hapa Gigiri, lilikadiria katika ripoti ya mwaka 2024 kwamba kati ya tani bilioni 1.05 za chakula zilizopotezwa duniani mwaka 2022, asilimia 60 zilitoka majumbani na 12 tu madukani. Ni hoja ya haki. Lakini chakula cha majumbani kimetawanyika katika mamilioni ya masufuria, na kingi kimekuwa makombo. Cha dukani kimo mahali pamoja, kimefungwa, hakijaguswa, na hatima yake huamuliwa na mtu mmoja mwenye kalamu. Pale ndipo sheria ndogo huweza kuleta tofauti kubwa.

Kabla ya Bunge kuamka, chama chetu kinaweza kuwaandikia wasimamizi wa maduka makuu ya mji huu kuomba mikate ya jioni ipelekwe kwenye makao ya watoto yaliyo karibu. Barua hiyo na iandikwe kwa Kiswahili sanifu, itumie neno masazo, na neno chokoraa lisiwemo.