Tujue Wazee Wetu Wanameza Nini

Wapendwa akina mama, wengi wetu tunaishi na wazee nyumbani: mama mkwe, baba au bibi. Asubuhi mzee humeza vidonge vya presha au vya kisukari alivyopewa hospitali. Jioni hunywa unga wa mlonge, maji ya karela au kitunguu saumu kilichotwangwa. Nasi tunanyamaza, tukidhani kwamba kitokacho shambani hakina madhara.

Tusijidanganye. Chenye nguvu ya kutibu kina nguvu ya kudhuru pia. Karela huweza kushusha sukari. Ikikutana na vidonge vya kisukari, sukari yaweza kushuka mno, mzee akatokwa jasho, akatetemeka na kuchanganyikiwa. Hapo, kama anaweza kumeza, apewe maji ya sukari upesi, kisha apelekwe hospitali. Vidonge vya kitunguu saumu navyo, vikitumiwa pamoja na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, huweza kuongeza hatari ya kutokwa damu.

Basi tufanyeje? Tusimkaripie mzee, maana akikaripiwa ataficha. Tumwulize kwa upole. Siku ya kliniki tutie vyote katika mfuko mmoja, vidonge, unga na mizizi, tumwonyeshe daktari. Wala mzee asiache dawa za hospitali bila shauri lake.

Luka alikuwa tabibu, na alikuwa mtumishi wa Injili. Kumheshimu mzazi si kumpikia tu. Ni kujua pia anameza nini.