Amana Ndani ya Kompyuta: Udhuru Wetu Umekwisha

Siku moja, baada ya somo la fiqhi kuhusu amana na haki za watu, wanafunzi wa madrasa yetu waliingia katika chumba cha kompyuta. Mmoja wao, mtoto wa miaka 12, akainua mkono na kuuliza: "Maalim, hizi programu zilizomo humu tumezinunua?" Darasa likanyamaza, na mwalimu naye akanyamaza. Jibu la kweli lilikuwa hapana. Kompyuta zenyewe, 8 kwa idadi, tulipewa sadaka. Lakini mfumo wa kuziendesha na programu ya kuandikia vilitiwa na fundi wa mtaani kutoka diski ya kunakili, na kufuli ya leseni akaivunja kwa programu aliyokuja nayo katika flashi. Fundi tulimlipa ujira wake. Mwenye mali hatukumlipa kitu.

Atakayedhani kuwa haya ni ya madrasa yetu peke yake na azungukie ofisi za misikiti, shule na jumuiya zetu, kisha aulize swali lile lile la mtoto.

HOJA TUNAZOJITETEA NAZO

Wapo wasemao kwamba mali hii ni ya makampuni makubwa ya kigeni, tena si ya Waislamu, kwa hiyo hapana dhambi. Ndugu msomaji, hoja hii inabomolewa na Sira yenyewe. Mtume (s.a.w.) alipohama Makka alimwacha nyuma Ali (r.a.) ili arudishe amana za watu. Wenye amana hizo walikuwa watu wa mji ule ule uliokuwa umepanga kumuua. Ikiwa uadui wa namna hiyo haukuhalalisha mali yao, utajiri wa kampuni utahalalishaje?

Ama kuhusu hukumu, Majmau ya Fiqhi ya Kiislamu iliyo chini ya OIC, katika kikao chake cha 5 kilichofanyika Kuwait mwezi Desemba 1988, iliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zinazolindwa na sharia, na haijuzu kuzivamia. Wapo wanazuoni wenye rai nyingine juu ya haki hizi. Hata hivyo, mwenye kutia programu hubonyeza kwanza mahali palipoandikwa kuwa anakubali masharti, na Muislamu ameamrishwa kutekeleza mikataba.

Hoja ya pili ndiyo yenye uzito: dharura. Husemwa kuwa sisi ni maskini, leseni ni ghali, na watoto wetu hawawezi kuachwa nyuma. Lakini dharura ina mipaka yake. Mwenye njaa jangwani aliyeruhusiwa kula mzoga haruhusiwi kuendelea kuula pindi chakula cha halali kinapowekwa mbele yake. Na chakula hicho kimekwisha kuwekwa mbele yetu miaka mingi.

MLANGO WA HALALI

Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kuunda programu ambazo kila mtu ataruhusiwa kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kuzigawa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Finland, alitoa kiini cha mfumo kiitwacho Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GPL. Sharti la leseni hiyo ni kwamba anayeirekebisha programu na kuigawa kwa wengine hana budi kuwapa haki zile zile alizopewa yeye.

Watu hawa si Waislamu, wala hatudai kuwa walikusudia waqfu. Lakini mwenye kuujua waqfu atautambua mfano wake: kisima kilichochimbwa kwa ajili ya wote, kila mpita njia huteka, na hapana awezaye kukizungushia ukuta na kukifanya chake.

TULIYOYAONA

Baada ya swali lile tulifuta kila kitu na kuweka Linux Mint na LibreOffice. Si haki kuficha taabu tuliyoipata. Printa yetu ya zamani ilitusumbua siku mbili. Barua za miaka iliyopita zilipofunguliwa, majedwali mengine yalihama mahali pake. Katibu wetu, mzee aliyeizoea programu ya awali, alilalamika wiki tatu.

Baada ya hapo tukaanza kuona kheri. Virusi vilivyokuwa vikiingia kwa flashi za wanafunzi na kuficha mafaili havikupata pa kushika, kwani aghalabu vimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Kompyuta zilizokuwa zikijikokota sasa zinafanya kazi. Maandishi ya Kiarabu yanakwenda sawasawa kutoka kulia, na irabu zake hukaa mahali pake kwa fonti ya Amiri, ambayo Mmisri Khaled Hosny aliiunda kwa kufuata hati ya matbaa ya Bulaq na kuitoa iwe huru kwa wote.

Wazazi wengine waliuliza: je, mwajiri hatataka programu ile nyingine? Aliyejua kupanga barua na hesabu katika moja hujifunza ya pili kwa siku chache. Na mwenye kuihitaji hasa ya kulipia, na ainunue.

WAJIBU WETU

Wakati wa kuamua ni huu. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11. Kamati nyingi zitamwita fundi yule yule mwenye flashi yake. Badala yake, kila kamati na ikague kompyuta zake, ianze na moja, na ifundishe vijana wawili watakaowasaidia wengine.

Tena tusiwe watekaji tu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya kutafsiri programu huria haikwishi, na vijana wetu wenye Kiswahili fasaha wanaweza kuifanya iwe sadaka yenye kuendelea.

Tunawafundisha watoto kutogusa embe la jirani lililoangukia njiani. Haifai wakaandike somo hilo kwa chombo kilichoibwa. Mtoto yule akiuliza tena leo, mwalimu wake analo jibu.

Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali Yake na atuepushe na haramu. Amin.