Kuku wazima, dawa za wagonjwa

Ingia katika duka la dawa za mifugo useme unafuga kuku mia mbili wa nyama. Aghalabu utapewa pakiti ya oksitetrasaiklini kabla hujaulizwa kuku wako wanaumwa nini. Dawa hiyo hutiwa katika maji ya vifaranga, si kwa kuwa ni wagonjwa, bali ili wasije wakaugua.

Desturi hii ina chimbuko lake. Mwishoni mwa miaka ya 1940 watafiti wa Marekani waligundua kuwa kuku wanaolishwa viuavijasumu kidogo kidogo hukua upesi, na wafanyabiashara wakalikumbatia jambo hilo. Onyo nalo halikuchelewa. Huko Uingereza, kamati ya Swann ilieleza mwaka 1969 kwamba bakteria waliozoea dawa ndani ya mifugo wanaweza kumfikia mwanadamu. Na dawa anayonyweshwa kuku ni ya ukoo mmoja na ile anayoandikiwa mgonjwa hospitalini. Mwaka 2019 pekee, watu wapatao milioni 1.27 duniani walikadiriwa kufa kwa maradhi ya bakteria yasiyosikia dawa. Ni dhulma kumtwisha mfugaji mzigo wote huo, lakini fungu lake analo.

Sasa yasemwa kwamba viungo vya jikoni vyaweza kuchukua nafasi ya dawa hizo. Hizi si porojo. Karafuu, fahari ya Unguja na Pemba, ina yujenoli. Kitunguu saumu kina alisini. Habasoda, ambayo wasomaji wetu hawahitaji kufahamishwa, ina thaimokwinoni. Vitu hivi hudhoofisha bakteria, na baadhi ya viungo huchochea umeng'enyaji wa chakula. Hata pilipili imejaribiwa, na kuku haimchomi, kwani maumbile ya ndege hayauhisi ukali wake. Ndiyo maana ndege hula pilipili kichaa na kueneza mbegu zake.

Hata hivyo, matokeo ya majaribio hayalingani. Katika banda moja kuku huongezeka uzito, katika jingine tofauti haionekani, hasa ikiwa banda lilikuwa safi tangu awali. Unga wa manjano uliokaa dukani mwaka mzima si sawa na uliosagwa jana. Wala hakuna kiungo kitakachomponya kuku mwenye mdondo au gumboro. Hayo ni maradhi ya virusi, kinga yake ni chanjo, na viuavijasumu navyo haviui virusi. Kwa hiyo tunawapinga wanaouza chupa za "mitishamba ya kuku" zisizoeleza kilichomo ndani, huku wakiahidi tiba ya kila ugonjwa. Huko ni kubadilisha chupa tu.

Wafugaji wa kuku wa nyama wa Denmark waliacha viuavijasumu vya kukuzia mwaka 1998. Vifo havikuongezeka, wala mavuno ya nyama hayakupungua. Chakula kilichohitajika kwa kila kilo ya kuku kiliongezeka kwa gramu 16 hivi. Umoja wa Ulaya wote ukapiga marufuku ukuzaji wa namna hiyo kuanzia tarehe 1 Januari 2006. Ni kweli mabanda yao si kama yetu, na hapo ndipo penye kazi: maranda makavu, nafasi ya kutosha, maji safi, chanjo kwa wakati wake. Anayetaka kuongeza viungo na aongeze juu ya hayo, awape nusu ya kuku wake, kisha awapime wote kwa mizani kabla ya kusifu.

Lipo jambo moja lisilosubiri utafiti wowote. Kuku aliyeugua kweli atibiwe, lakini lebo ya dawa hutaja siku za kungoja kabla ya kumchinja au kuuza mayai yake. Anayemuuza siku ya pili ili asipate hasara anamficha mnunuzi aibu ya bidhaa, na hiyo ni ghushi, hata kama kuku atachinjwa kwa kisu kikali na bismillahi. Sisi wanunuzi tumezoea kuuliza kachinja nani. Tununuapo kuku kwa mamia kwa ajili ya walima, tuulize pia walinyweshwa nini wiki iliyopita, na tumwombe mfugaji atuonyeshe daftari lenye tarehe.