Kokoa ya Ngana Inalipa Nauli ya Dunia

Gharama yoyote inayoongezeka kati ya Kyela na kiwanda cha chokoleti kule Ulaya hurudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka imfikie mtu asiye na wa kumtwisha. Mtu huyo ni mkulima wa kokoa wa Ngana, wilayani Kyela. Mnunuzi anapokuja mnadani huanzia bei ya soko la London au New York, akatoa gharama za kontena, bima, riba ya benki na lori la zaidi ya kilomita 900 hadi Dar es Salaam; kinachobaki ndicho anachokiandika kwenye zabuni. Mwaka 2024, bei ya dunia ilipovuka dola 10,000 kwa tani, makato hayo hayakumuuma mtu. Sasa bei imeteremka, nayo yanauma.

Tangu Wahouthi wa Yemen waanze kushambulia meli kwenye Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, kampuni kubwa za meli zimekuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari ndefu hula mafuta na bima, na kokoa ina adhabu yake ya ziada. Punje iliyovundikwa chini ya majani ya migomba, ikaanikwa mpaka unyevu ukabaki kama asilimia 7, bado huachia unyevu ndani ya kontena. Baridi ikishika bati, paa hutoa jasho, matone yakadondokea magunia, na ukungu ukaanza. Ndiyo maana wasafirishaji hutandika karatasi ndani na kutundika mifuko ya kufyonza maji. Hiyo nayo inakatwa kwenye bei.

Kisha ipo sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 kuhusu ukataji misitu. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, ila sharti liko wazi: kila shehena ijulikane mashamba ilikotoka, na yasiwe yamefyekwa msituni baada ya 31 Desemba 2020. Ghalani, gunia moja lisilojulikana shamba likichanganywa na mengine, shehena nzima inatiliwa shaka.

Nia ya sheria naiunga mkono. Ninachokipinga ni mnunuzi kupima mashamba kisha ramani zikawa mali yake, maana msimu ujao mkulima atamuuzia nani mwingine bila kupimwa upya? Faida ya kumiliki nyenzo zako mwenyewe tumeiona kwa jirani: vita vya Msumbiji vilipozifunga reli za Beira na Nacala miaka ya 1980, jirani zetu wa ng'ambo ya Mto Songwe waligeukia njia ya Karonga na Mbeya, na Malawi ikawa na vituo vyake yenyewe vya mizigo Mbeya na Dar es Salaam. Nasi tuanze na kilicho mikononi mwetu: vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) vipime mashamba ya wanachama wao na kuzitunza ramani hizo, kisha chama kikuu cha ushirika kikae na shirika la reli la TAZARA kujadili mabehewa, kwa kuwa leo kokoa ya Kyela inaiacha stesheni ya Mbeya na kwenda Dar es Salaam ikiwa juu ya lori.